Nyanchoka na Mashine za Injinia Ochoki

Watu wakisikia Nyanchoka amekasirika, kwanza huuliza amemkasirikia nani, kisha huuliza kama huyo mtu bado yuko kazini. Sifa hiyo hakuitafuta. Ni mwanamke mfupi, mpole wa sauti, anayeimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lake, na ambaye huiweka miwani kichwani halafu akaitafuta mezani. Lakini ukimdharau, yale maneno ambayo wengine wetu huyameza, yeye huyatoa yakiwa mazima. Nimekaa naye ofisi moja tangu alipoajiriwa kufundisha uchumi katika chuo chetu hapa mjini Kisii, na haya ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu. Nikiyasimulia kwa hasira, basi mjue bado sijapoa.

Mimi naitwa Omwenga, nafundisha takwimu, na ni Mkatoliki wa Mosocho. Hilo la Ukatoliki nalitaja kwa sababu bila hilo jambo hili lisingejulikana hadi leo.

Nyanchoka ni wa Magwagwa, upande wa Nyamira, kwenye mlima ambao ukisimama juu yake huoni kitu ila majani chai na migomba. Mama yake, Mokeira, amechuma majani maisha yake yote, mvua na jua, isipokuwa Jumamosi. Jumamosi ni Sabato, na siku hiyo hata kuni hapasui. Mlima mzima uko hivyo. Kituo cha kununulia majani kiko chini kidogo ya shamba lao, na lori la kiwanda halijawahi kufika hapo Jumamosi, kwa kuwa karani angekuja kupima hewa.

Halafu kiwanda kikatangaza kwamba vituo vidogo vitafungwa. Lori lisipande milima tena, wakulima wote washuke na majani yao hadi kituo kikubwa kilicho kando ya lami, kila sehemu na siku zake. Katika siku za watu wa mlima wa kina Nyanchoka, mojawapo ilikuwa Jumamosi. Anayejua majani chai ataelewa maana yake. Majani hayakungoji. Zamu yako ikikupita, yanakomaa, yanakuwa magumu, na karani anayamwaga kando bila hata kukutazama usoni.

Bodi ya kiwanda ilisema itakata shauri siku ya Jumatatu fulani, katika ukumbi mmoja mjini Nyamira, na mwenye ushahidi wa kitaalamu aulete. Maneno hayo, ushahidi wa kitaalamu, waliyatamka kama watu wanaojua kwamba mlima ule hauna kitu kama hicho. Lakini mlima ulikuwa na Nyanchoka.

Alikuwa amezunguka huko na wanafunzi wake likizo nzima, wakiuliza watu wanachuma lini, wanauza wapi, nani anabeba. Majibu hayo aliyatia kwenye programu ya kompyuta inayoigiza uchumi. Kila boma linakuwa na akili yake mle ndani: bei ikishuka linafanya nini, kituo kikihamishwa linafanya nini, likipangiwa Jumamosi litakwenda, au litauza kwa madalali, au litang'oa majani lipande ndizi. Unaiacha programu iigize miaka mingi, yenye mvua na yenye ukame, halafu unaona mwisho wake. Nyanchoka alitaka kuionyesha bodi kwamba kiwanda chenyewe kitapoteza majani. "Wakisikia habari ya Sabato watacheka," aliniambia. "Wakisikia habari ya kilo watanyamaza."

Kompyuta yake ya mkononi ilijaribu ikachemka hadi ikazima. Kazi ile ilihitaji klasta.

Klasta yetu ni seva nyingi zilizounganishwa katika chumba kimoja, zinatumia mfumo wa Linux, na ni mali ya chuo kizima. Wewe unakaa mezani kwako, unatuma kazi yako, inaingia kwenye foleni, zamu ikifika mashine zinaifanya. Wa hali ya hewa wanaitumia, wa mbegu wanaitumia, kila mtu. Lakini msimamizi wake, Injinia Ochoki, huizungumzia kama boma lake. Ni mtu mrefu, nadhifu, mzee wa kanisa analosali Nyanchoka, na sijawahi kumwona akikimbia kwa lolote.

Nyanchoka alimwomba aiweke ile programu kwenye sehemu ya pamoja, mahali programu za wengine zilipo.

"Daktari," Ochoki alimjibu, "sehemu ya pamoja si soko la Daraja Mbili, kila mtu analeta mboga zake. Una folda yako. Jenga huko."

Akajenga huko. Sijui nimwelezeje kazi hiyo mtu ambaye hajaifanya. Programu moja inadai nyingine iwepo kwanza, hiyo nyingine inadai ya tatu, na ya tatu inasema toleo la Linux lililopo ni kuukuu. Analeta toleo jipya la kile kilichopungua, analijenga kwenye folda yake, na ile ya kwanza iliyokuwa imekubali sasa inakataa. Anarudi mwanzo. Siku moja alipiga makofi peke yake ofisini, programu imekubali. Kumbe imekubali kwenye ile mashine ya mapokezi tu, ambayo kila mtu huingilia. Mashine za ndani, zile zinazofanya kazi yenyewe, hazikuwa zikiona alikoweka vitu vyake. Alikwenda kumuuliza Ochoki. Ochoki akamwambia asome maelekezo. Maelekezo yenyewe yaliandikwa kwa ajili ya mashine zilizong'olewa zamani. Alipata njia mwenyewe, kwa kujaribu na kukosea, huku akifundisha madarasa yake yote.

Ikabaki kuituma kazi. Kwa kanuni za Ochoki, kazi fupi zinakwenda siku za wiki, na kazi ndefu ni wikendi tu. Ya Nyanchoka ilikuwa ndefu, ya karibu siku mbili mfululizo.

Hapa chuoni Wasabato ni wengi, na Ijumaa yao ni siku ya maandalio. Nyumbani wanapika cha kesho na kupiga nguo pasi, na ofisini wanatuma kazi kwenye klasta kabla ya jua kutua. Masese wa hali ya hewa anatuma, Kemuma wa mbegu za ndizi anatuma, kisha wanafunga milango na kwenda kuifungua Sabato. Wao wanasali, mashine inasaga, Jumapili wanakuta imemaliza. Hakuna aliyeona neno katika hilo. Nyanchoka naye akatuma.

Jumapili akakuta kazi yake imekufa. Ujumbe ulisema sehemu moja ya programu ilimngoja mwenzake, mwenzake hakujibu, ikakata tamaa. Za Masese na Kemuma zilikuwa zikiendelea vizuri, ingawa Kemuma alisema za kwake siku hizi zinachelewa. Basi kosa lingekuwa la nani? Nyanchoka akaamua ni lake. Alijenga vibaya. Akafuta kila kitu, kazi yote ile, akaanza upya.

Yuko katikati ya kuanza upya, Ochoki akaja ofisini kwetu kuchukua waya fulani. Alisimama nyuma ya kiti chake, akatazama kioo cha kompyuta, akatazama yale mafaili yanayofutwa.

"Bado tu, Daktari?" akasema, kisha akaenda kunywa chai. Naomba mlikumbuke neno hilo.

Ijumaa iliyofuata akatuma tena, na Jumapili akakuta maiti ileile. Kwenye chumba cha chai Masese akasema kwa kicheko kwamba huenda programu za uchumi ni za kuandikia ripoti, si za mashine kubwa. Nilimngoja Nyanchoka amjibu, maana namjua. Alirudi ofisini akakaa, akaivua miwani.

"Mimi ndiye mjinga, Omwenga," akasema. "Kuna kitu sikioni na kiko mbele yangu."

Mpaka leo nikikumbuka sentensi ile nasikia damu ikinipanda kichwani. Mwanamke hajakosea hata nukta moja, na anajiita mjinga mbele yangu.

Akajenga mara ya tatu. Akatuma Ijumaa, ile Ijumaa ya mwisho kabla ya mkutano wa Nyamira, akanipungia mkono, akaenda kwenye Sabato yake.

Jumamosi mimi huwa siji kazini. Siku hiyo nyumbani Mosocho kulikuwa na wageni wa shemeji, kelele tupu, nami nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, nikaja ofisini. Ofisi yetu imepakana na chumba cha seva, ukuta ni mmoja, na feni zake hunguruma kama kinu cha posho hadi tunazungumza kwa kupaza sauti. Nilikaa, nikafungua mtihani wa kwanza, nikasahihisha. Baadaye nikagundua kwamba nimekuwa nikisikia ndege nje.

Kulikuwa kimya. Nilidhani umeme umepotea, lakini taa yangu ilikuwa inawaka. Nikaenda kuchungulia kwenye kioo cha mlango wa seva: vitaa vinamemeteka, feni zinanong'ona. Nikarudi nikaingia kwenye klasta kwa akaunti yangu, nikaitazama foleni. Kazi zote zilikuwa zimesimamishwa. Ya Masese, ya Kemuma, ya Nyanchoka, zote kwa mkupuo, jana jua lilipotua, kwa amri ya msimamizi.

Nilielewa yote palepale, na nilipoelewa nilipiga meza hadi kalamu zikaanguka. Kila Ijumaa Ochoki alikuwa anazilaza mashine, na Jumamosi jioni anaziamsha. Kazi ya Masese ikiamshwa inaendelea ilipoachia, kama mtu aliyesinzia kitini, mwenyewe asijue. Lakini ya Nyanchoka ilikuwa imegawanywa kwenye mashine kadhaa zinazoulizana habari kila wakati. Zikilala usiku na mchana mzima kisha zikaamka, kila moja inatazama saa, inaona mwenzake hajajibu tangu jana, inadhani amekufa. Programu haikuwa na kasoro. Aliijenga sawasawa mara ya kwanza.

Simu yake ilikuwa imezimwa, kama Sabato zote. Nikatoka mbio.

Kanisa lao liko juu kidogo ya mji. Nilifika ibada kuu imekwisha, watu wameketi nyasini wanakula chakula cha pamoja, maharagwe na ndizi za kupika na mboga. Nyanchoka alikuwa na sare ya kwaya. Ochoki alikuwa karibu naye, sahani mapajani, tai shingoni. Sikusalimu mtu. Nilimweleza Nyanchoka nilichokiona, na nilihakikisha Ochoki anasikia.

Nyanchoka alimgeukia polepole. "Ni kweli, Ndugu Ochoki?"

"Ni kweli, Dada." Hakuona haya hata kidogo. "Amri inasema usifanye kazi, wewe, wala mtumishi wako, wala mnyama wako, wala mgeni aliye malangoni mwako. Mashine zile ziko chini ya mkono wangu. Siwezi kukaa hapa nikiimba na mtumishi wangu anasaga."

"Leo asubuhi ulikamua ng'ombe?"

"Ng'ombe asipokamuliwa anaumia."

"Na friji umezima?"

"Friji haifanyi hesabu," Ochoki akasema, na watu wawili watatu wakacheka.

Nyanchoka hakucheka. "Sitaki kubishana nawe kuhusu amri. Ungeniambia, ningeiheshimu. Mimi ni Msabato kama wewe, ningepanga kazi yangu kwa njia nyingine, ningeigawa vipande vidogo vya siku za wiki. Nakuuliza kwa nini hukusema. Ulisimama nyuma ya kiti changu, ukaniona nabomoa kitu kizima, na ulijua hakina kosa. Ukaniuliza bado tu."

Ochoki alitazama sahani yake. "Ningetangaza, wasiosali wangelalamika kwa mkuu wa chuo. Angenilazimisha. Nilidhani wewe, kwa kuwa ni wa imani, utajua mwenyewe."

"Ningejuaje? Kwa ndoto?"

Ndipo Nyanchoka akamwambia ile kazi ni ya nini. Hakupaza sauti, lakini wale waliokuwa wanakula waliacha kula. Alimwambia kituo cha Magwagwa kinafungwa. Alimwambia mlima mzima wa Wasabato, mama yake na mashemasi na wajane, wanapangiwa kuchuma majani Jumamosi, na kwamba hesabu zile ndizo kitu pekee ambacho bodi ingekisikiliza Jumatatu asubuhi.

"Wewe umelinda Sabato ya vyuma, Ndugu Ochoki," akasema. "Ya mama yangu umeiuza."

Niliona uso wa Ochoki ukibadilika. Aliiweka sahani chini kwenye nyasi. Sasa nitasema jambo moja kwa faida yake, ingawa sipendi: hakujitetea tena. Aliuliza kazi ile inachukua muda gani. Nilimwambia ikianzishwa sasa hivi, upya, itamaliza Jumatatu alfajiri, na Nyanchoka atafika Nyamira na majibu mkononi. Ikianzishwa jua likitua, itamaliza mkutano umekwisha.

"Nitakupa nywila ya msimamizi," Ochoki akaniambia mimi. "Wewe si wa Sabato. Nenda ukaifungue." Kisha akamtazama Nyanchoka. "Dada akisema niitoe, naitoa."

Nilikwisha kutoa simu niandike. Nilimtazama Nyanchoka. Alikuwa ameshika pindo la sare yake, anatazama chini kwenye mji. Wenzake wa kwaya walikuwa wanamwita kwa ajili ya mazoezi.

"Siwezi," akasema. "Siwezi kuitetea Sabato ya mama yangu kwa kumtuma Omwenga aivunje kwa niaba yangu. Jua litue."

Nilimkasirikia yeye pia. Mnisikie vizuri: nilimkasirikia kuliko Ochoki. Niliteremka kutoka kanisani nikisema peke yangu njiani, na watu wakinipisha.

Jua lilipotua Ochoki alikuja mwenyewe, akaianzisha kazi pamoja naye, akaipa mashine zote na kuziweka kando kazi za wengine. Haikusaidia. Jumatatu asubuhi, mjini Nyamira, Nyanchoka alisimama mbele ya bodi bila majibu. Nilikuwa nimekaa nyuma. Alizungumza vizuri. Alieleza alivyowauliza watu na walivyomjibu. Mwenyekiti, mwanamume mmoja mwenye kikohozi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, hisia tumezisikia," akasema. "Takwimu ziko wapi?"

"Zinakuja leo mchana."

"Sisi tunakata shauri leo asubuhi."

Wakakata. Mchana kazi ikamaliza, safi, bila kosa lolote. Ilionyesha yaleyale aliyoyasema: maboma yatang'oa majani, kiwanda kitapoteza kwenye kilo zaidi ya kitakachookoa kwenye mafuta ya lori. Aliwapelekea. Mpaka leo hawajajibu.

Kituo kilifungwa. Majuma ya kwanza Mama Mokeira hakushuka Jumamosi. Majani yakakomaa vichakani, akayakata akayatupa chini ya migomba. Wengine mlimani wakafanya hivyohivyo, na wachache wakang'oa. Kisha mmoja akashuka, kisha jirani yake. Kukaa bila kuuza kunashinda watu, hata wenye imani.

Chuoni hakuna kikubwa kilichobadilika. Mkuu wa chuo aliambiwa, akaitisha kikao, ikaonekana kwamba Ochoki ndiye pekee anayezijua zile mashine. Siku hizi kuna tangazo mlangoni, limeandikwa kwa heshima, kwamba klasta hupumzika tangu Ijumaa jua linapotua. Ochoki humsalimia Nyanchoka kwa kuinamisha kichwa, na programu yake sasa iko kwenye sehemu ya pamoja, mahali alipoiomba tangu mwanzo.

Jumamosi iliyopita nilikuja tena ofisini. Ukutani kimya. Seva zote zimelala, zimeshika Sabato yao. Kuna kitu nilitaka kumuuliza Nyanchoka kuhusu mitihani, nikapiga simu bila kufikiri, nikakumbuka siku, nikangoja kuambiwa imezimwa.

Ikaita. Akapokea. Nyuma yake nilisikia watu wengi na lori linaunguruma.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Nimeshuka na mama. Goti lake haliwezi kikapu mpaka kwenye lami." Alikuwa anahema. "Na kama ni kuivunja, hataivunja peke yake."

Nilisikia karani akiita jina la Mokeira.

"Ngoja, Omwenga," akasema. "Ni zamu yetu kwenye mizani."